Baada ya Turubai Kushushwa: Namna ya Kupata Msaada Ukifiwa Ghafla

Siku ya kuanua matanga turubai hushushwa, viti vya kukodi hupakiwa garini, masufuria hurudishwa kwa majirani, na nyumba iliyojaa watu hubaki na wafiwa wawili watatu wasiojua waanzie wapi. Aliyempoteza mtu wake ghafla, kwa ajali, moto, mauaji au kuzama kwa chombo, mara nyingi hapo ndipo habari yenyewe humwingia, kwa kuwa siku zote za msiba alikuwa amepigwa na butwaa na hata hakumbuki nani alikuja kumpa pole. Kwa sababu hiyo mpango wa kumsaidia unapaswa kuanza pale watu wanapoaga.

Chombo cha kuanzia kimo ndani ya nyumba tayari, nacho ni daftari la rambirambi, ambalo kwa kawaida hufungiwa kabatini hesabu ikishasomwa. Mwombe ndugu mmoja unayemwamini alifungue tena, achague majina manane au kumi ya watu wanaoishi karibu, kisha agawane nao siku na kazi: huyu aje Jumanne jioni, yule awapeleke watoto shule, mwingine akusindikize kufuatilia cheti cha kifo na mirathi. Kazi ya kuomba isiachwe mikononi mwako, kwani "ukihitaji chochote nipigie" ni maneno ya upendo, lakini mfiwa hana nguvu za kuinua simu.

Kaka yangu alipofariki katika ajali ya basi, aliyetufaa kuliko wote alikuwa jirani aliyekuja kila Jumanne na chupa ya uji, akakaa jikoni akichambua mchele pamoja na mama bila kuuliza swali. Kandambili za kaka zilikaa mlangoni miezi saba, na jirani yule alizipita kila alipoingia, wala hakusema ziondolewe. Siku moja mama alizitoa mwenyewe.

Wiki za mwanzo usishangae ukikosa usingizi, ukishtushwa na honi, ukiona tukio likijirudia machoni, au ukijilaumu kwamba ungemzuia asisafiri. Anayetaka kusimulia asikilizwe, na asiyetaka asilazimishwe. Shirika la Afya Duniani halipendekezi watu wakalishwe mara tu baada ya tukio na kutakiwa kueleza kila walichokiona. Shirika hilo pia halishauri mfiwa apewe dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu kwa sababu ya msiba tu, kwani huzoesha mwili. Jambo jingine dogo lenye madhara makubwa ni picha za ajali zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp: mpe mtu mwingine simu yako azifute kabla hujazifungua.

Mtoto aambiwe kwa maneno ya wazi kwamba baba amekufa. Akiambiwa amesafiri atamngoja, na akiambiwa amelala ataogopa kulala. Tanzania na Kenya zina namba 116, ambayo ni ya bure, kwa ajili ya kumsaidia mtoto.

Mgumu zaidi ni msiba usio na kaburi. MV Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba, miili mingi haikuonekana tena. Familia iliyo katika hali hiyo isishurutishwe "kukubali". Ichague yenyewe siku na mahali pa dua, hitima au ibada, ili pawepo na pa kwenda kila mwaka. Imani huwashika wengi, ingawa "kazi ya Mungu haina makosa" humfariji mfiwa anapoitamka mwenyewe, na humziba mdomo anapoambiwa na mgeni. Mjane aliye katika eda ya miezi 4 na siku 10 asidhaniwe kwamba anataka upweke. Naye aingizwe katika ratiba ya wageni.

Mwezi ukipita na bado tukio linakurudia, unakwepa barabara ile au huwezi kufanya kazi, nenda kituo cha afya ukaombe rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili, au umwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Huzuni kali isiyopungua baada ya miezi 6, yenye kukuzuia kuishi, ina jina lake katika orodha ya kimataifa ya magonjwa na ina tiba ya mazungumzo. Ukiwaza kumfuata marehemu, usingoje hata siku moja: mwambie mtu, asikuache peke yako, muende hospitali. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ina idara ya magonjwa ya akili, na Dodoma ipo hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, ambayo jina lake mitaani limegeuzwa utani wa kipuuzi uliowachelewesha wengi. Mbele ya daktari usiishie kusema "nina mawazo". Taja ni usiku ngapi hulali, unachokiona ukifumba macho, na tangu lini. Mtu mmoja kutoka kwenye lile daftari aende nawe, akae nje kwenye benchi mpaka utoke.