Helmeti ya baiskeli: kuipima, kuivaa na kujua lini imekufa

Ukivua sponji za ndani utaona povu gumu jeupe, kama lile linalofungashiwa televisheni mpya. Hilo ndilo linalokinga kichwa. Kichwa kikigonga lami, povu hupondeka, na kule kupondeka kunakipa kichwa muda kidogo zaidi wa kusimama, hivyo nguvu inayofika kwenye fuvu na ubongo inapungua. Ganda la plastiki hushikilia povu lisisambaratike, na huteleza barabarani badala ya kung'ang'ania na kuvuta shingo.

Kabla ya kununua, zungusha tepu ya fundi cherehani kichwani, juu kidogo ya nyusi. Ukipata sentimita 56, tafuta iliyoandikwa 54–58. Ndani pawe na alama ya kiwango cha usalama: EN 1078 ya Ulaya au CPSC ya Marekani. Isiyo na alama ni urembo tu. Ya mitumba au ya mnadani ikague juani: ufa mwembamba kama unywele au sehemu ya povu iliyobonyea, iache hata ikiuzwa bei ya bure.

Kuivaa ndiko wengi wanakokosea. Joto la Dodoma linatushawishi kuisukuma nyuma ili paji lipate upepo, na paji ndilo linalotangulia chini mtu akirushwa juu ya usukani. Ikae sawasawa, ukingo wa mbele vidole viwili juu ya nyusi. Kaza kigurudumu cha kisogoni mpaka ukitikisa kichwa isicheze. Mikanda ya pande zote mbili ikutane chini kidogo ya sikio, kisha funga klipu kidevuni ukiacha nafasi ya kidole kimoja au viwili. Sasa isukume nyuma kwa kiganja: ikipanda, mikanda ya mbele imelegea. Kapelo au kilemba kinene ndani huiinua. Mtandio mwepesi hauna shida.

Anayebeba madumu ya maji asidhani mwendo wa polepole unamwokoa. Baiskeli yenye mzigo hulala ubavu ghafla, na kimo cha kichwa kinatosha kupasua fuvu. Anguko la namna hiyo ndilo helmeti hupimiwa: EN 1078 huiangusha kutoka takriban mita 1.5, CPSC mita 2. Kugongwa na lori la barabara ya Morogoro ni jambo jingine kabisa.

Ikishagonga kwa nguvu, nunua nyingine, hata kama nje haina mkwaruzo, maana povu lililopondeka halirudi. Ioshe kwa maji na sabuni. Petroli na tina, ile ya kuchanganyia rangi, huyeyusha povu, kwa hiyo usiipake rangi. Usiiache juu ya bati wala ndani ya gari lililofungwa juani.

Mtoto avue helmeti kabla ya kupanda mti au kucheza bembea, kwani mkanda ukinasa unaweza kumnyonga.