Somo: Umefunga diski ya pili, Windows haifunguki tena

Swali ni lile lile kila wiki: mtu kanunua diski iliyotumika pale Birere, hapa Goma, kaifunga, kawasha, skrini nyeusi inamwambia hakuna diski ya kuwashia. Someni hapa kwanza.

1. Zima, chomoa umeme, toa diski mpya, washa. Windows ikifunguka, diski ya zamani ni nzima. Usikubali fundi akupigie Windows upya.

2. Rudisha diski mpya. Kandamiza nyaya zote mbili, wa data na wa umeme. Ya zamani ibaki kwenye tundu lake.

3. Ingia kwenye bayosi (BIOS, mipangilio ya mashine inayotangulia Windows): ukiwasha tu, bonyeza F2, F10 au Delete. Kwenye kibodi zetu za Kifaransa, Delete imeandikwa Suppr.

4. Hapa ndipo wengi wanapotea. Mashine nyingi za zamani zina orodha mbili. Ya kwanza inataja aina tu: CD, USB, diski ngumu. Mtu akiona diski ngumu iko juu anaridhika, anatoka. Kumbe orodha ya pili, ile inayopanga diski zenyewe, imeweka ngeni mbele. Ifungue, tafuta diski yenye Windows kwa namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko chake. Usitazame ukubwa, maana diski mbili za GB 500 utazichanganya. Ipandishe juu, hifadhi, toka.

ONYO: usiguse palipoandikwa UEFI au Legacy, yaani mitindo miwili ya kuwasha mashine. Windows iliyowekwa kwa mtindo mmoja haifunguki kwa mwingine, na hapo una matatizo mawili.

MASWALI

— Nimefanya yote, bado.

Hatua ya 1 ilileta nini?

— Hiyo niliiruka.

Basi hujafanya yote. Anzia hapo, halafu urudi.

— Kaka, yangu ilikubali, lakini courant ikikatika usiku, asubuhi imesahau mpangilio. Hata saa inarudi nyuma miaka. Vinahusiana?

Vinahusiana kabisa, dada, na umefanya vizuri kutazama saa. Kwenye ubao mkuu kuna betri bapa, CR2032, ya volti 3. Ndiyo inayotunza saa na mara nyingi mipangilio pia umeme usipokuwepo, yako imekwisha. Chomoa umeme, weka mpya, alama ya + itazame juu, kisha rudia hatua ya 4. Kama bado haifunguki, angalia UEFI na Legacy: bayosi ikisahau hurudi kwenye mpangilio wa kiwandani. Wewe peke yako unaruhusiwa kupagusa.

— Nikitaka Windows ikae kwenye diski mpya?

Chomoa ya zamani kabla ya kuweka Windows. Ukiziacha zote mbili, faili za kuwashia zinaweza kuandikwa kwenye ya zamani, na siku ukiitoa, mpya haitafunguka.

— Betri nzuri nitaijuaje?

Nunua iliyo bado kwenye pakiti. Muuzaji akiwa na mita, mwambie apime mbele yako: mpya husoma volti 3 au zaidi kidogo.