Angalia saa ya kamera ya gari kabla hujaitegemea

Kama gari lako limetoka Japani likiwa na kamera yake kwenye kioo cha mbele, usifurahi mapema. Iwashe kwanza uangalie saa. Japani iko mbele yetu kwa saa 6, na kamera ambayo haijarekebishwa itaendelea kusoma saa za huko. Bodaboda akikuchubua saa 2 asubuhi, video itaonyesha 14:00, na hapo ndipo utaanza kumpa trafiki maelezo marefu. Menyu ni ya Kijapani, kweli, lakini programu ya simu inayotafsiri maandishi kwenye picha itakuvusha.

Halafu kadi ya kuhifadhia video (memory card). Usichomeke ile kuukuu ya simu. Kamera huandika mfululizo, na kadi ikijaa inafuta video za zamani ili ipate nafasi. Kadi ya kawaida huchoka haraka kwa kazi hiyo, hasa gari likishinda juani. Tafuta yenye neno Endurance, bei yake imezidi kidogo tu. Kila mwezi tazama kipande kimoja uhakikishe inarekodi. Mimi niligundua yangu imekufa siku ileile niliyoihitaji.

Ajali ikitokea, bonyeza kitufe cha kuilinda hiyo video isifutwe. Huna kitufe? Zima kamera, chomoa kadi, ndipo uendelee na safari. Ukiiacha iendelee kurekodi saa kadhaa, tukio lako litafutwa kupisha picha za foleni ya kurudi nyumbani.