Jinsi ya kuandika historia ya mama au bibi aliyekuwa mtu wa safari

Jamani misiba mingi huku kwetu Mbeya nimekaa nasikiliza historia fupi ya marehemu ikisomwa na ni ile ile, alizaliwa, alisoma mpaka darasa fulani, aliolewa, akajaliwa watoto 8, halafu nusu karatasi ni ugonjwa, alilazwa wapi, akahamishiwa wapi. Bibi yangu alipofariki na sisi tukafanya hivyo hivyo. Mwanamke aliyepanda treni ya TAZARA na magunia ya mchele wa Kyela mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia huku ana mtoto mgongoni, karatasi yetu ikamwita "mkulima", basi. Mpaka leo inaniuma, ndo maana naandika hapa.

Kwanza usijifungie chumbani na kalamu. Wazee kwenye moto wanajua mengi ila wanaojua zaidi wapo kule kwenye masufuria, wale wamama wanaomenya ndizi. Omba ruhusa, washa rekoda ya simu, iweke pembeni, halafu na wewe shika kisu umenye. Usiulize "bibi alikuwa mtu wa namna gani", utaambiwa alikuwa mpole na mcha Mungu na hapo umeishiwa. Uliza alienda wapi, alipanda nini, akalala kwa nani, nani alimkataza, alirudi na nini, watoto aliwaacha kwa nani.

Mimi nilivyouliza hivyo (siku ya tatu, tumeshazika) ndo mama mkubwa akasema bibi aliwahi kupanda meli pale Itungi mpaka Mbamba Bay, Ziwa Nyasa limechafuka watu wanatapika, anamfuata binti yake aliyejifungua, na mkononi ana ndoo ya unga wa ulezi kwa sababu hakutaka mzazi wake anyweshwe uji wa watu wengine. Nilikaa kimya kabisa. Maana ndugu wengine walikuwa hawataki safari ziandikwe, wanaona kama tunamsema kwamba aliacha nyumba akazunguka, kumbe kila safari yake ukiifuatilia mwisho wake unakuta mtoto, ada, au mjukuu. Kwa hiyo usiweke safari huku na malezi kule, ziandike pamoja.

Miaka itakusumbua. Usiwabane wazee na tarehe, wape tukio: kabla ya Uhuru 1961 au baada? Wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa? Reli ya TAZARA ilianza kujengwa 1970 na ikakabidhiwa 1976, sasa mtu akikwambia Wachina walikuwa bado wanatoboa mahandaki kule kati ya Mlimba na Makambako unajua ni miaka gani. Vita vya Kagera ni 1978 mpaka 1979. Kama alibatizwa ulizia kitabu cha ubatizo kanisani kwao. Ikishindikana andika "miaka ya sabini mwanzoni", usibuni.

Picha za zamani zipige na simu mchana karibu na mlango, zima mwanga wa simu, na majina nyuma andika kwa penseli maana kalamu ya wino inapenya.

Kwenye kuandika sasa, anza na safari moja, kuzaliwa kutafuata. Ugonjwa sentensi moja inatosha kabisa. Maneno yake ya lugha yaache yalivyo, bibi ukimpa kitu chochote lazima aseme "ndaga fijo", ukiandika "asante sana" sio yeye tena. Kabla ya kusoma mbele za watu wapitishie wakubwa, mashangazi hasa, kuna mambo ya ndoa ambayo mjukuu huyajui na sio ya kusomwa kwenye spika. Siku ya kuzika wanakupa dakika 5 hivi, kwa hiyo ukurasa mmoja tu, na ile ndefu itunze ya arobaini watu wakiwa wametulia.

Sisi ile ndefu tuliisoma arobaini. Tulipofika kwenye ndoo mjomba akanyoosha mkono katikati ya watu akasema hiyo ndoo anayo, ipo stoo kwake Tukuyu, anawekea mbegu za maharage.