Jinsi ya kukagua pantografu ya treni ya umeme, hatua kwa hatua

Wadogo zangu wa atelie (karakana), reli yetu kutoka Lubumbashi kwenda Likasi na Tenke inapita chini ya waya wa volti 25,000, na pantografu ni mkono wa juu ya paa la treni unaochukua umeme kwenye waya huo. Umeme huo haungoji uuguse, unaruka hewani. Kwa hiyo tuanze chini.

Hatua ya 1. Shusha pantografu, hakikisha kateneri, yaani waya wa umeme ulio juu ya reli, imekatwa umeme, kisha iunganishe na ardhi pande zote mbili za mahali pa kazi. Kama huna karatasi ya ruhusa mkononi, usipande.

Hatua ya 2. Tambua aina. Yenye umbo la almasi, inayokunjika pande mbili, ndiyo losanji: nzito, ina viungo vingi, na kila kiungo kinataka grisi. Yenye mkono mmoja na kiwiko ni nusu-pantografu, aliyoibuni Mfaransa Louis Faiveley mwaka 1955. Ni nyepesi na inaufuata waya vizuri treni ikikimbia. Vijana huniuliza kiwiko kitazame mbele au nyuma. Inafanya kazi pande zote mbili.

Hatua ya 3. Mkaa, yaani kipande cha kaboni kilicho juu ya pantografu, kinachougusa waya. Hapa tulia. Vaa glavu, pitisha vidole polepole toka ncha hadi ncha. Ukingo uliomeguka utaukwaruza waya, kwa hiyo badilisha. Ukikuta mfereji uliochimbika mahali pamoja kwenye mkaa, usikimbilie kubadilisha tu. Waya hupita zigizaga, karibu sentimita 20 kila upande wa katikati ya reli, ili mkaa ulike sawasawa. Mimi nilibadilisha mkaa wa mashini (injini ya treni) moja mara mbili, na mfereji ukarudi palepale. Mashini ya pili ilipoingia na alama ileile ndipo nikaenda kwa watu wa kateneri: waya ulikuwa umehama.

Hatua ya 4. Ndani ya atelie, pasipo na waya juu, pandisha pantografu kwa hewa, kisha ivute chini kwa mizani ya springi. Kwa volti 25,000 tunatafuta nyutoni 70 hivi, yaani kama kilo 7. Njia za mkondo mnyoofu (DC) wa volti 3,000 hutaka karibu 110, kwa sababu ampea ni nyingi. Ikiwa nyepesi mno, cheche zinakula mkaa. Ikiwa nzito mno, inakula waya. Soma mizani ikishuka, soma tena ikipanda. Tofauti ikiwa kubwa, viungo vimekauka.

Hatua ya 5. Futa vihami vya kauri, vinavyozuia umeme usipite kwenda kwenye paa, hasa kiangazi kinapoisha. Vumbi letu jekundu likilowa mvua ya kwanza, umeme hupata njia juu yake hadi kwenye paa.