Jinsi ya kuchanganya lita moja ya kitakasa mikono kinachopasua utando wa korona

Kirusi cha korona kimejifunika utando wa lipidi, yaani mafuta, kilioutwaa kwenye seli ya mtu kilimozaliana. Miiba yake ya kunasia seli nyingine imechomekwa humo. Utando ukipasuka, kirusi hakiambukizi tena. Fomula hii ni ya Shirika la Afya Duniani (WHO), nimeipunguza kutoka lita 10.

1. Fanyia kazi penye hewa, mbali na jiko na sigara, maana mvuke wa ethanoli, yaani alkoholi, hushika moto hata kwenye joto la kawaida la chumba. Spiriti yenye methanoli usiiguse, ni sumu.

2. Kwenye chupa safi yenye alama ya lita moja, mimina mililita 833 za ethanoli ya asilimia 96.

3. Ongeza mililita 42 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Hii si ya korona. Inaua spora, yaani bakteria waliolala ndani ya ganda gumu, zilizojificha chupani.

4. Gliserini ya asilimia 98, mililita 14.5, ili ngozi isikauke. Ni nzito na hung'ang'ania silinda ya kupimia, kwa hiyo suuza silinda kwa maji kidogo yaliyochemshwa yakapoa, uyamimine humohumo chupani. Usizidishe ukitaka mikono ilainike, itanata tu.

5. Jaza maji hayohayo hadi kwenye alama. Usiyapime pembeni: ethanoli na maji vikikutana ujazo hunywea kidogo, ukikisia utakosea. Funga mara moja, kisha tikisa taratibu.

Wengi huuliza kwa nini tusitumie ethanoli tupu. Lipidi inaiyeyusha, sawa, lakini protini za kirusi huharibika vizuri zaidi maji yakiwamo, tena ethanoli tupu hukauka kabla haijamaliza kazi. Ndiyo maana tunaishia asilimia 80. Chini ya 60 usiitegemee, na pombe kali za dukani nyingi hazifiki hata 45.

6. Bandika lebo, iache saa 72 ili peroksaidi imalize spora.

Ukitumia, jaza kiganja, sugua mpaka mikono ikauke. Mikono ikiwa na mafuta ya chakula au uchafu, nenda kwenye sabuni na maji: mkia wa molekuli ya sabuni hupenda mafuta, hujipenyeza kwenye utando na kuubomoa. Na nyumbani kukiwa na anayeharisha na kutapika, sabuni tena. Norovirusi, kirusi ambacho mara nyingi huleta kuharisha na kutapika, haina utando wa mafuta, kwa hiyo kitakasa hiki hakiiwezi vizuri.