Unaenda kwa kairopraktiki (mtaalamu wa kunyoosha mgongo na shingo kwa mikono) mara ya kwanza? Pitia hapa kidogo

Hii ni kwa wale wenye mgongo au shingo inayosumbua, washapata apointimenti lakini wanaogopa kwa sababu ya zile video za mtu anageuzwa shingo inalia KWAA! Tulieni, siku ya kwanza muda mwingi ni maongezi.

1. Vaa nguo inayovutika, jinzi iache. Andika dawa zote unazotumia, hasa zile za kuzuia damu kuganda, na kama una eksirei ya zamani beba.

2. Utahojiwa sana. Maumivu yalianza lini, yanashuka mguuni au yanaishia kiunoni, usiku yanakuamsha? Umewahi kuvunjika, kuugua saratani, una mimba? Usifiche kitu, maana kuna majibu yanayomfanya asikuguse kabisa akakwambia nenda hospitali, na huyo ndo anayejua kazi.

3. Unapimwa. Unasimama anaangalia mabega na nyonga, unainama, unageuka, anakugonga goti na kinyundo, afu unalala chali anainua mguu ukiwa umenyooka, aone kama kuna mshipa wa fahamu umebanwa. Eksirei sio ya kila mtu, akiitaka muulize anatafuta nini.

4. Kunyooshwa, kama atafanya siku hiyo. Ni msukumo mfupi wa haraka kwenye pingili. Ule mlio sio mfupa unarudi mahali pake jamani, ni gesi kwenye ute wa jointi, kama unavyoalisha vidole, na usipolia sio kwamba haijafanya kazi. Lazima akueleze kwanza na wewe ukubali, ukisema shingo sitaki basi hagusi. Mi nilijikaza kama ubao mpaka akaniuliza unapumua lakini?

5. Misuli inaweza kuuma siku moja au mbili kama vile umetoka mazoezini, inaisha.

MASWALI YENU

Shingo ina hatari kweli?
Ni nadra ila ipo, mshipa wa damu wa shingoni ukichanika unaweza kuleta kiharusi. Baada ya kunyooshwa ukiona kizunguzungu kikali, maneno yanakwama au uso umelegea upande mmoja, kimbia hospitali. Njia laini zisizopindua shingo zipo, omba hizo.

Kaniambia nilipie vipindi 30 siku hiyohiyo, nilipe?
Usilipe mdau. Maumivu mengi ya kiuno hupungua ndani ya wiki chache hata bila yeye, sasa 30 anazijuaje siku ya kwanza? Lipia kimojakimoja. Na akisema kunyoosha mgongo kunatibu kisukari chukua begi lako uondoke.

Mi nina ganzi makalioni na sehemu za siri, mkojo siku hizi unatoka wenyewe, naye atanisaidia?
Hapana ndugu yangu, wewe achana na hiyo apointimenti, nenda emajensi sasa hivi, usisubiri kesho.